Mizani kuukuu ya Kibuye, shilingi 1,200: nyota nne na jiwe moja mwongo

Nianze na bei, maana najua ndiyo wengi wenu mnayoitafuta. Shilingi 1,200, baada ya kuteremka kutoka 1,800, pamoja na mawe yake saba ya kupimia. Tuktuk kutoka soko la Kibuye, hapa Kisumu, hadi nyumbani Migosi 200. Dereva wa bodaboda niliyemsimamisha kwanza aliinyanyua mara moja, akaishusha taratibu, akanitakia Jumapili njema.

Ni ile mizani ya maduka ya zamani: kitako cha chuma kizito, mkono unaopanda na kushuka juu yake, sahani mbili za bati zinazofanana, na katikati ulimi mdogo unaosimama wima pande zikilingana. Haina betri wala kioo cha kuonyesha namba. Niliipata kwa muuza vyuma vikuukuu pale Kibuye, siku ya Jumapili ambapo soko limefurika hadi unatembea ubavu ubavu, ikiwa chini ya pasi za makaa na kufuli zisizo na funguo. Mawe yalikuwa kwenye ndoo: la kilo 2, la kilo 1, la nusu kilo, mawili ya gramu 200, la 100 na la 50.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko sebuleni, na darasa la watoto wangu liko hatua mbili kutoka hapo, chini ya meza ya kukatia vitambaa. Ninao wawili. Wa miaka 6 nitamwita Wakili, kwa kuwa hajawahi kupokea hukumu bila kukata rufaa. Wa miaka 4 ni Kasuku, anayerudia neno la mwisho la kila anayesema. Kwa nini wanasomea nyumbani ni hadithi ndefu, na mizani haimo ndani yake.

Kabla ya hii tulikuwa na nyingine ya plastiki, ya rangi za peremende, niliyoilipia 2,450 kwenye duka la vifaa vya watoto ambalo silitaji. Ilikuja na dubu wadogo wa kupimia. Kwa kweli iliweza kupima dubu kwa dubu. Ukiweka kiazi, mkono ulilala chini na kubaki huko kama mtu aliyekata tamaa. Siku ya kumi na moja Kasuku aliweka kikombe cha maji, ukakatika, naye akalia akidhani ameharibu kitu cha watu. Hapo ndipo nilipokasirika. Kifaa cha mtoto kinachomwogopesha mtoto kukigusa ni cha nini?

Ndipo nikamkumbuka baba yangu. Alikuwa dereva wa malori, na sisi tukiishi Voi, neno mizani kwetu lilimaanisha Mariakani tu, kule malori yanakopimwa uzito barabarani: foleni, jua, na mzee kurudi nyumbani na uso uliokunjwa. Lakini alikuwa na msemo wake: lori linaweza kubishana na polisi, haliwezi kubishana na mizani. Mwenye mtoto kama Wakili ataelewa kwa nini maneno hayo yalinipeleka Kibuye.

Tulipofika nyumbani sahani tupu hazikulingana. Ya kushoto ilikaa juu kidogo. Nilibandika sarafu ya shilingi moja chini yake kwa utepe, zikalingana. Rangi ya kijani ilikuwa inabanduka, na rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo sikuikwangua sebuleni. Nililipa fundi 300 akaisafishe na kuipaka upya karakanani kwake. Hesabu ya kweli basi ni 1,700, tuktuk ikiwemo. Bado ni nafuu kuliko dubu.

Sasa nieleze Jumanne, kwa sababu mizani ya darasani haipimwi kwa kuangaliwa.

Nilikuwa nimepanga somo. Mpango wenyewe ulidumu hadi saa mbili na robo asubuhi, Kasuku alipopandisha gambuti lake la kulia kwenye sahani moja na la kushoto kwenye nyingine. La kushoto likashuka. Wakili akasema mguu wa kushoto wa Kasuku ni mnene. Tukayakagua magambuti. Ndani ya la kushoto kulikuwa na soksi mbichi, mawe matatu na kipande cha mhogo ambacho umri wake sitaki kuujadili. Tulitoa kimoja kimoja, na kila kilipotoka ulimi ulisogea. Sikuwa nimefungua mdomo, na tayari somo lilikuwa limeanza.

Katika mtaala wa sasa, mtoto wa chekechea hujifunza kizito na chepesi, na wa Gredi ya 1 hulinganisha vitu viwili kwanza kabla ya kusumbuliwa na gramu. Huo ni mpangilio mzuri, na mizani hii inaufuata yenyewe. Haisemi namba. Inasema hiki kimezidi kile, basi, na mengine utafute mwenyewe.

Tukafungua kopo la chenji za wateja. Sarafu zile zilizotoka mwaka 2018 zina wanyama: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10, tembo kwenye 20. Simba ndio waliokuwa wengi, tukawafanya mawe. Karoti ilikula simba 14. Kitunguu simba 22. Wakili akaandika kwenye daftari, herufi ya S ikitazama nyuma, kisha akatulia. Nikajua kuna rufaa inakuja.

“Mama, simba mmoja ni shilingi kumi.”

“Ndiyo.”

“Basi karoti hii ni shilingi mia na arobaini. Mama mboga ametupunguzia sana!”

“Sana,” akasema Kasuku.

Nilisimamisha cherehani kabisa. Jaribu wewe kumweleza mtoto wa miaka 6 kwamba sarafu ina bei na ina uzito, na kwamba hivyo viwili havijuani. Nilianza vibaya, nikazunguka, nikaanza tena. Hatimaye nilitoa noti ya 100 na kuiweka peke yake kwenye sahani. Mkono haukutikisika. Upande wa pili nikaweka simba mmoja, sahani ikashuka mara moja. “Mia moja imeshindwa na kumi?” aliuliza, na nikaona usoni mwake kitu kimefunguka. Hilo sikulisoma popote, lilitoka kwa sababu noti ilikuwa mfukoni mwangu. Na mizani ya dubu isingeliweza, maana dubu hawana bei.

Saa tano nilikanda unga wa chapati. Hapa nilikuwa na hila yangu, ile ya Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyefariki mwaka 1980, aliyewapa watoto madonge mawili sawa ya udongo kisha akalibonyeza moja mbele ya macho yao na kuuliza maswali. Madonge mawili ya unga, sawa kabisa. Ulimi wima, wote wawili wamekubali. Moja nikalisukuma kuwa chapati. Sasa lipi zito?

Kasuku: chapati, kwa sababu ni kubwa. Wakili: donge, kwa sababu chapati imekuwa nyembamba “na wembamba hawana uzito”. Kila mmoja aliweka dau la kipande cha mabuyu. Nikaipandisha chapati. Ulimi ukasimama wima. Hakuna aliyeamini. Wakili alitaka pande zibadilishwe, akishuku kwamba sahani ya kulia inanipendelea. Nampa haki yake: kubadilisha pande ndiyo njia sahihi ya kuikagua mizani, kwa sababu mikono yake isipokuwa na urefu sawa, itadanganya upande mmoja tu. Tukabadilisha. Wima tena.

Nikageuka kuwasha jiko. Niliporudi, chapati ilikuwa juu na donge chini, na Wakili alikuwa anasema, kwa sauti ya kutisha, “Mama, uzito umepotea.” Nikamtazama Kasuku. Unga mbichi mdomoni, mashavu mawili. Hakuna aliyehitaji kumhoji; mizani ilikwisha kutoa ushahidi. Alipoulizwa kama amekula alijibu “amekula”, kwa hiyo kesi ilikwisha haraka.

Mama mkwe aliingia mchana kutoka Ahero na mfuko wa mchele wa kwao. Watoto humwita Dani. Mimi huniita Nyar Voi, yaani binti wa Voi kwa Kijaluo, na sauti anayolitamkia jina hilo ndiyo hunijulisha kama niko matatani. Aliizunguka mizani kama mtu anayekagua ng'ombe.

“Nyar Voi, umenunua duka?”

“Hapana, Mama. Ni ya masomo ya watoto.”

“Mimi nimelea watoto saba kwa gorogoro, na wote wanajua kuhesabu.”

Wasiojua: gorogoro ni lile kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili, ambalo huku kwetu ndilo kipimo cha mahindi, maharagwe, mchele na karibu kila kitu kinachomiminika. Dani husafiri na lake. Nikamwomba atuazime, na nadhani hii ndiyo saa nzuri kuliko zote za siku ile. Gorogoro moja la mchele, limerundikwa hadi kilele, tukalimwaga kwenye mfuko na kuupima: karibu sawa na jiwe la kilo 2. Gorogoro moja la omena kavu, yaani dagaa, nilizokuwa nazo jikoni: hazikufika hata kilo moja. Kopo lile lile. Watoto walirudia mara tatu. Wakili alikuja na maelezo kwamba omena “wanaachiana nafasi, hawasukumani kama mchele”, na mimi sina la kuongeza hapo.

Kisha akachungulia ndani ya kopo.

“Dani, mbona chini imepanda juu?”

“Ilianguka.”

“Ilianguka mara ngapi?”

Dani akaomba chai.

Kosa la mizani yangu lilijitokeza jioni, na aliyelifumania ni mteja. Watoto walikuwa wanacheza duka. Kasuku muuzaji, Dani mteja wa chumvi. Kasuku akaweka jiwe la nusu kilo upande mmoja na pakiti ya chumvi ya nusu kilo upande wa pili. Chumvi ikashuka. Nikasema ni uzito wa karatasi ya pakiti. Wakili alitafuta pakiti tupu kwenye takataka na kuiweka kwenye sahani. Haikufanya lolote la maana. Rufaa imekubaliwa.

Tukaita mashahidi. Mawe mawili ya 200 na moja la 100: mbili na mbili na moja, tano. Tuliyaweka yote matatu upande mmoja na la nusu upande wa pili. Matatu yakashuka. Mimi nilikuwa tayari kutoa hukumu, lakini mwanangu akauliza swali ambalo, nakiri, sikuwa nalo: “Tutajuaje nani mwongo? Labda hao watatu wamepanga.”

Basi tukahitaji shahidi asiyeuzwa Kibuye. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na tofauti inayoletwa na joto la Kisumu ni ndogo mno kwa mizani kama hii. Nilikuwa na chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa, na nyingine tupu ya aina hiyo hiyo. Chupa yenye maji upande mmoja, chupa tupu upande wa pili ili chupa zifutane, na kando ya ile tupu tukaweka jiwe la nusu kilo. Maji yakashuka. Tukaliondoa jiwe, tukaweka yale matatu. Ulimi ukayumba, ukasimama.

Niliona watoto wawili wakiwa wamenyamaza kwa wakati mmoja, jambo ambalo kwa kawaida hugharimu katuni.

Tulilipindua jiwe. Mawe ya chuma ya kupimia huwa na tundu chini lililojazwa risasi. Humo ndimo uzito hurekebishwa, na humo ndimo mkaguzi hupiga muhuri, kwa kuwa chini ya Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, huruhusiwi kuuzia watu kwa jiwe lisilopigwa muhuri. Yale mengine yalikuwa na risasi yake. Hili la nusu lilikuwa limechokolewa, tundu likazibwa kwa nta na kupakwa rangi nyeusi. Mtu alikaa mahali, kwa subira, akafanya kazi hiyo. Tukajaza pengo kwa sarafu: simba 8, bado, simba 9, wima. Jiwe la gramu 50 lilizidi kidogo. Kwa hiyo nusu kilo ile ilikuwa pungufu kwa karibu gramu 50, sehemu moja katika kumi, kila mara ilipopanda sahanini, kwa miaka nisiyoijua.

Dani alikuwa amesimama. “Omena,” alisema. “Sukari. Mafuta ya taa hapana, hayo ni ya chupa. Omena, sukari, karanga…” Akakaa tena. Hakuniita Nyar Voi jioni yote. Aliniita nyathina, mwanangu.

Wanawe saba huenda wanajua kuhesabu, lakini Jumapili iliyofuata yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni kuelekea Kibuye. Muuzaji alilitazama jiwe, akacheka, akasema yeye huuza vyuma, habari za tabia za chuma hazijui. Alikuwa na haki. Akatusogezea ndoo, tuchague jingine la nusu. Tulikwenda na chupa zetu mbili na mizani yenyewe, na Wakili akapima moja baada ya jingine, akisema “hili hapana” kwa ile sauti ya mahakama. La tatu lilisimama na maji. Watu walikuwa wamejaa nyuma yetu. Kijana mmoja aliuliza kama tunatoza pesa kukagua. Na mama mmoja wa dagaa, upande wa pili wa njia, alitandika gunia juu ya mawe yake na kuanza kukusanya vitu vyake ingawa jua lilikuwa bado juu. Pengine alikuwa na msiba. Jiwe jipya tulipewa bure.

Nyota nne, basi. Ile ya tano haikupotea kwa jiwe tu. Mizani ni nzito, na ikimwangukia mtoto mguuni utaenda hospitali. Yangu nimeifunga mezani kwa waya. Sahani zina kingo kali, nimezizungushia mabaki ya kitambaa cha jinzi. Kwa vitu vidogo sana, kama punje kumi za maharagwe, haisikii vizuri. Na risasi iliyo chini ya mawe si ya kuchezea: watoto wangu hunawa mikono kila wakimaliza, na jiwe halikaribii mdomo, hata kwa Kasuku anayekula unga mbichi. Mwenye mtoto wa chini ya miaka mitatu asubiri kwanza.

Ukienda kutafuta yako, nenda Jumapili mapema, usionyeshe furaha, na beba chupa mbili za nusu lita, moja imejaa na moja tupu. Yapindue mawe yote kabla ya kutoa pesa.

Lile la zamani tumebaki nalo. Wakili ameliandika MWONGO kwa chaki, na wakicheza duka, ndilo Kasuku analotumia kumuuzia Dani chumvi.